Kéré na Bifu Yake na Joto

Ingia keja ya mabati Mukuru, Nairobi, saa nane mchana, mwezi wa pili, ukae dakika kumi tu. Hiyo mabati haikufichi jua, inakuletea jua karibu. Mathe wa hapo ashatoka nje kitambo na kastuli kake, mtoi amelazwa kwa kivuli ya ukuta ya jirani, na ndani kumebaki jiko na nguo. Usiku ikifika unatafuta blanketi mbili. Kila msee wa mtaa anajua hii mambo, na juu kila mtu ameizoea, hakuna mtu huibonga.

Sasa kuna jamaa alikataa kuizoea. Anaitwa Diébédo Francis Kéré, amezaliwa 1965 Gando, ushago ya ndani kabisa Burkina Faso, kama kilomita 200 kutoka Ouagadougou. Fathee yake ndio alikuwa chifu, na akaamua kijana aende shule, kitu hakuna mtoi mwingine wa Gando alikuwa amefanya. Noma ni moja, Gando haikuwa na shule. Akiwa na miaka saba akatolewa home, akapelekwa mji inaitwa Tenkodogo, akarushwa kwa klasi ya watoi zaidi ya mia moja. Madirisha ni za jina tu, hewa hakuna, na joto ni ile ya kukufanya usikie odijo akibonga lakini usishike kitu. Amesimulia hiyo klasi mara mob. Ukicheki vile amejenga tangu hapo, hadi leo, utaona bado anaijibu. Wasee humwita bingwa wa udongo. Mi naona udongo ilikuwa silaha tu. Adui alikuwa joto.

Kila likizo ikiisha ilibidi azunguke boma moja baada ya nyingine akiaga. Wamathe wa Gando wanatoa ile chapaa ya mwisho wako nayo, wanamwekea mkononi. Dogo hakuwa anaelewa, akauliza mathe yake kwani hawa wote wanampea doh juu ya nini. Mathe akamchanulia: wanachangia masomo yako, wakiomba siku moja urudi uwasaidie. Hebu imagini hiyo deni. Haina karatasi, haina tarehe ya kulipa, na imeshikwa na kijiji nzima.

1985 akapata skolashipu ya kwenda Berlin. Si ya uakitekti, ilikuwa ya ukapenta. Mchana anafunzwa kutengeneza paa na fanicha, usiku anasoma masomo za sekondari ndio afike levo ya chuo. Hapo kuna kichekesho chenye sijui kama wale walimpea hiyo nafasi walikiona: unafunza mtu kazi ya mbao, alafu kwao ni nchi kame, mbao ni ya kutafutwa na tochi. Lakini kuna kitu ilibaki. Ule kapenta wa mapaa hajawahi mtoka. Ukiangalia kazi ya Kéré vizuri, stori yote iko juu, kwa paa.

1995 akaingia Chuo Kikuu cha Ufundi cha Berlin kusomea uakitekti kabisa, miaka thelathini mkononi, mabeshte wa klasi wakiwa wadogo kwake. Na hakungoja kumaliza. Akaanza kuwaambia majamaa wa chuo wapunguze kahawa na fegi, hiyo doh waielekeze Gando ijengwe shule. 1998 akafungua shirika la kuchanga, na baada ya kama miaka mbili ya kusumbua watu akawa amefikisha dola 50,000.

Akarudi ushago na hiyo habari. Shangwe. Kijana wetu ametoka majuu na shule! Alafu akawaambia itajengwa na udongo.

Kimya. Hapo Gando kila mtu anaishi kwa nyumba ya udongo, na kila mtu anajua mvua ikikuja ukuta inayeyuka, kila mwaka unarudia kuikandika. Shule ya kweli ni ya simiti na mabati, kama zile ziko mjini. Wazae wakaanza kujiuliza kama hii ndio kitu huyu kijana ameenda kusomea Ulaya miaka hiyo yote badala ya kulima na wenzake. Na mi siwalaumu. Mtu akitoka Ujerumani akuambie anakujengea na matope, hata wewe ungeuliza kama amepotea njia. Kéré alibonga nao wee, lakini maneno peke yake haingetosha, so akawajengea tao ya majaribio ya udongo, wasee wakapanda juu wakaruka, na haikuanguka. Hapo ndio waliingia boksi.

Rada ya hiyo shule, ile ilimalizika 2001, iko hivi. Tofali ni udongo wa hapo hapo uliokandamizwa kwa mashine ya mkono, umechanganywa na simiti kiasi. Kuta ni nene, zinachelewa kushika joto. Klasi ziko tatu kwa laini moja, na katikati ya klasi na klasi kuna nafasi wazi yenye kivuli, watoi wanaweza somea hapo ama wacheze. Juu ya kila klasi kuna dari ya tofali, lakini tofali zimepangwa zikiachana, kuna mianya. Alafu sasa mabati. Mabati haijalala kwa dari. Imeinuliwa juu kabisa kwa fremu ya nondo nyembamba, imeelea hapo, na imetokeza nje mbali kupita kuta.

Cheki vile inafanya. Jua inachoma mabati kama kawaida, lakini ile joto inaishia kwa hewa iko kati ya mabati na dari. Upepo unapita hapo unaizoa. Hewa moto ya ndani ya klasi inapanda, inapenya kwa ile mianya, inaenda na hiyo upepo. Ikitoka, hewa baridi kiasi inaingia kwa madirisha za chini. Hakuna feni, hakuna stima, hakuna bili. Na hiyo mabati kutokeza nje ndio jibu ya wale wazae: mvua haifikii ukuta, so udongo hauyeyuki. Paa moja imemaliza kesi mbili. Mabati ni ile ile ya Mukuru, tofauti ni mahali imewekwa.

Hata hizo fremu ziko na stori. Kreni haingefika Gando, so Kéré akachora kitu inaweza tengenezwa na nondo za kawaida, msumeno wa mkono na mashine ndogo ya kuweld. Majamaa wa kijiji wakafunzwa hapo hapo site. Wengine walitoka hapo wakiwa mafundi kamili, wakaenda kupiga mjengo mahali kwingine. Watoi walibeba mawe ya msingi wakienda shule asubuhi, wamathe wakaleta maji. Ukiwahi kuwa mtu wa mkono kwa site yoyote Nairobi, unajua ile kitu ya kujenga jumba miezi mingi alafu likiisha soja anakufukuza kwa geti. Gando mjengo ilibaki na wenye waliijenga.

2004 hiyo shule ikashinda tuzo ya Aga Khan ya uakitekti. Mwaka huo huo ndio Kéré alimaliza digrii. Yaani alikuwa ashapata tuzo ya dunia wakati maboyz wa klasi yake bado wanatafuta atachimenti. Mwaka uliofuata akafungua ofisi yake Berlin, na Gando ikaendelea kukua: nyumba za walimu, klasi zingine, laibri. Shule ilianza na watoi 120, ikafika 700. Hiyo laibri ni noma. Aliitisha vyungu, wamathe wakaleta vyungu vya udongo vya kawaida, vikakatwa, vikapangwa kwa dari kabla zege haijamwagwa. Ukiinua kichwa leo unaona miviringo ya mwanga imejaa juu, na kila mviringo ndio tundu ya kutoa hewa moto. Tena joto. Msee hachoki.

Baadaye majuu wakaanza kumtafuta wenyewe. 2017 akapewa pavilioni ya Serpentine, London, kale ka nyumba ka muda hujengwa kila msimu wa joto kwa bustani za Kensington. Akatengeneza paa kubwa ya duara kama mti wa kijiji, mvua ikinyesha inamwagika katikati watu wakitazama. Kuta akazipaka buluu ya nili. Sababu ni ya luku: kwao, kijana akienda kuonana na dem wa ndoto zake anavaa nguo safi kuliko zote, na safi kuliko zote ilikuwa hiyo buluu. So akivaa London, akavaa ya dati. Mi hiyo ndio kitu naipenda kwa huyu jamaa. Wasee wengi wakiitwa mahali kubwa huacha vitu za ushago nyumbani. 2019 akaenda tamasha ya Coachella, Kalifornia, akasimamisha minara 12 za rangi rangi zenye shepu ya mbuyu, jina lao ni la Kibissa, lugha ya kwao.

Machi 2022 akapewa Pritzker, tuzo kubwa kuliko zote kwa uakitekti. Ilianza 1979, na miaka hiyo yote hakuna Mwafrika alikuwa ameishika, wala mtu yeyote mweusi. Dola 100,000 na medali.

Kazi za maserikali ni stori ingine. 2014 wasee wa Burkina walishuka mtaani, wakachoma bunge, wakamtoa rais Blaise Compaoré baada ya miaka 27. Kéré akachora bunge mpya yenye umbo ya piramidi, ile raia wa kawaida anaweza panda hadi juu, mheshimiwa akiwa chini yake. Michoro zilizunguka dunia, lakini nchi ikaingia kwa mambo zingine na jengo halikusimama. Chenye kimesimama Ouagadougou ni kaburi ya Thomas Sankara, lililofunguliwa Mei 2025, mahali hapo hapo aliuliwa pamoja na wenzake 12 Oktoba 1987. Kumbuka Kéré aliondoka kwenda Berlin 1985, Sankara akiwa ndio rais. Aliacha mkuu yuko hai, akarudi kumjengea pa kulala.

Lakini wewe huhitaji ndege ya Ouaga ndio uone kazi yake. Iko Turkana. 2021 alimaliza kampasi inaitwa Startup Lions, kando ya ziwa, mahali mayut wanafunzwa kazi za mtandao: kuchora, kucode, kuedit, alafu wanauzia wateja mbali bila kuhama home. Wazo lenyewe ni kali. Ila weka kompyuta kwa chumba cha Turkana. Mashine inataka baridi, inachukia vumbi, na nje ni jua na vumbi peke yake.

Alichofanya ni kuangalia vichuguu. Mchwa wa Turkana hujenga minara mirefu ya udongo, na Kéré akachukua hiyo idea akainua minara mitatu juu ya jengo, rangi ya mchanga wa hapo. Hewa moto inapandia humo inatoka, na kwa chini kuna matundu yanaingiza hewa safi. Kuta ni mawe ya machimbo ya karibu. Jengo limefuata mteremko, na juu unaweza tembea uone ziwa. Ukiona picha ya mbali unaweza dhani ni vichuguu kweli, alafu ndani kuna dogo anachapa kazi ya mteja wa ng'ambo na hajatoa jasho.

Kuna wasee hukosoa, na wako na pointi. Wanasema kazi mingi za Kéré ziko ushago, kwa ardhi ya bure, doh imetoka kwa wafadhili. Mlete mtaa wa Pipeline, Nairobi, tuone. Hapo ploti moja imepanda gorofa saba, nane, dirisha ya mtu inagusana na ya mwenzake. Landi anahesabu kila futi. Mwambie aache nafasi ya mita moja kati ya dari na paa, atakuuliza hiyo mita italipa renti ya nani. Piramidi na minara hazijibu hiyo swali, na hata Pritzker haijibu.

Bado mi naona kuna vitu landi hawezi kataa kwa sababu ya bei. Nyumba ya mabati ya gorofa moja, zile za Mukuru na Mathare, mianya mbili tu zinabadilisha mambo: moja chini upande wa upepo, moja juu kabisa upande ule mwingine. Dari ya kitu chochote chini ya mabati, hata makuti ama mbao za kreti, bora kuwe na nafasi katikati. Mabati ikitokeza futi mbili nje, mathe anapata kivuli ya kuwekea kastuli. Msee wa kuweld hapo Gikomba anafanya fremu za nondo kila siku, za mageti na vitanda, mkono anao tayari. Kenye hana ni mteja wa kumwitisha fremu ya paa.