Tembe na Mji Wake: Nyumba, Upepo na Baraza katika Singida

Mtunzi wa hadithi anapobuni mji ambao haujawahi kuwako, hulazimika kujibu maswali matatu hata kama hakuyakusudia: watu wake wanalala wapi, mvua na upepo vinawatendea nini, na nani huwaamua wanapokosana. Akiyajibu kila moja peke yake, msomaji hauamini mji huo, kwa sababu nyumba, hali ya hewa na utawala haviwezi kuishi mbalimbali. Katika nyanda kavu za Singida maswali hayo yalijibiwa zamani kwa nguzo, fito na udongo. Bara, neno "mji" hadi leo lina maana ambayo mtu wa pwani anaweza asiitambue mara moja: mji wa mzee fulani ni boma lake, yaani nyumba za wake zake, zizi, vihenge na shamba linalouzunguka uzio. Mji wa namna hiyo, ukiwa na tembe, nyumba fupi ya udongo yenye paa bapa, katikati yake, ulikuwa utaratibu kamili wa maisha. Tunaihukumu tembe kwa paa lake peke yake, na hapo ndipo tunapokosea.

Tuanze na anga, maana ndiyo iliyoamuru mengine. Sehemu kubwa ya mkoa iko katika uwanda wa juu, na mji wa Singida wenyewe uko mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, katikati ya majabali ya matale na maziwa mawili ya maji ya chumvi, Singidani na Kindai. Mvua ni ya msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili, na mara nyingi haivuki milimita 800 kwa mwaka. Kuna miaka haifiki hata 500. Baada ya hapo hufuata miezi sita au saba ya kiangazi. Juni na Julai usiku ni baridi ya kuumiza mifupa, mchana jua ni kali, na upepo wa mashariki huvuma siku nyingi mfululizo, ukibeba vumbi na kung'oa chochote ambacho hakikufungwa. Wenye mipango ya kufua umeme kwa upepo wameutolea macho mkoa huu kwa miaka mingi, na sababu yao ndiyo ileile iliyomfanya Mnyaturu, Mnyiramba na Mgogo wa Manyoni wasijenge nyumba ndefu kwenda juu.

Tembe hujengwa kwa nguzo za panda, yaani miti iliyogawanyika juu kama manati, iliyochaguliwa kwa ugumu ili mchwa wasiimalize upesi. Juu ya panda hulazwa boriti, juu ya boriti hupangwa fito zilizobanana, kisha nyasi au majani, na mwisho udongo unaoshindiliwa hadi uwe tabaka nene. Kuta ni fito na udongo uleule. Kwa hiyo vijana wa Dodoma na Singida huiita nyumba hiyo "fulu suti", kwa kuwa juu na chini imevaa kitambaa kimoja. Wanaolitamka jina hilo kwa kucheka wasisahau kwamba limeeleza ufundi wenyewe. Udongo mzito wa paani hunywa joto la mchana polepole, na jua linapozama na baridi kuingia, joto hilo ndilo huanza kushuka kwa waliolala. Kimo kifupi huupa upepo nafasi ndogo ya kushika. Paa bapa, ambalo katika nchi ya mvua nyingi lingekuwa wazimu, hapa hustahimili kwa sababu mvua ni chache, na kwa sababu lina mwinamo mdogo na hukandikwa upya kabla ya masika.

Tena paa hilo ni uwanja wa kazi. Masika yanapokaribia kwisha, mlenda huchumwa kwa wingi, huanikwa juu ya tembe hadi ukauke na kuwa mweusi, kisha hupondwa na kuhifadhiwa uwe mboga ya kiangazi chote. Mtama na uwele navyo hupanda huko, mbali na mbuzi, mahali ambapo mama akiwa uani anaweza kuona kuku akiruka juu na kumfukuza kwa sauti tu. Katika nchi ambayo shamba halitoi kitu kibichi kwa zaidi ya nusu mwaka, mahali pa kukaushia chakula si jambo dogo.

Mchango mkubwa zaidi wa mji huu, hata hivyo, ulikuwa zizini. Wanyaturu, ambao hujiita Arimi, walilima ardhi ileile mwaka hadi mwaka kwa sababu ng'ombe walilala ndani ya boma na samadi yao ilibebwa hadi shamba lililo mlangoni. Ng'ombe, shamba na nyumba vilikuwa mduara mmoja: mifugo hula mabua baada ya mavuno, zizi hutoa samadi, samadi hutoa uwele, na uwele hutoa ugali na pombe. Na pombe ndiyo iliyoita watu. Hakuna mtu aliyeezeka tembe peke yake; boriti haziinuliwi na baba na mwanawe. Mwenye mji alipika pombe, majirani wakaja na majembe au mashoka, kazi ikaisha, wakaketi. Waliokuja leo ndio watakaoitiwa kesho, na asiyekuja kwa mwenzake alijua paa lake litamwelemea. Hapo, katika kuketi baada ya kazi, ndipo taasisi ya kiraia ilipozaliwa. Kabla ya ukoloni Wanyaturu hawakuwa na mtemi mmoja wa nchi nzima. Mashauri ya mipaka, mahari na mifugo iliyopotea yaliamuliwa na wazee wa ukoo na wa ujirani, watu walewale waliojuana kwa kubebeana boriti. Hukumu yao haikuwa na askari nyuma yake. Ilishikwa kwa sababu aliyeikataa alikuwa akikataa pia mikono itakayomjengea.

Kwa Wanisanzu wa Mkalama jambo hili lilikwenda mbali zaidi, kwani huko hata mvua ilikuwa na ofisi yake. Kirumi palikuwa makao ya watawala wa mvua, na utaratibu ulitaka wawe wawili, mwanamume na mwanamke, kwa imani kwamba mvua, kama uzazi, haiwezi kuletwa na upande mmoja. Serikali ilifuta utawala wa machifu mwaka 1963, lakini mwanaanthropolojia Todd Sanders, aliyeishi na watu hao miaka ya 1990, alikuta matambiko ya mvua bado yanafanyika na wanawake bado wana ngoma yao ya kuiita mvua inapochelewa. Mtu anaweza kukataa kabisa kwamba tambiko huleta wingu, na bado akaona kazi lililofanya: mwaka wa ukame, wakati kila mji una sababu ya kufunga mlango na kuficha kihenge, tambiko liliwalazimisha watu kukusanyika, kuulizana nani amemkosea nani, na kupatana kabla njaa haijawagawa.

Kuna pingamizi, na la kwanza ni la afya. Nyufa za kuta za udongo na vumbi la sakafu ni makazi ya papasi, na homa ya papasi imewatesa wakazi wa nyumba hizi tangu zamani; daktari Mjerumani Robert Koch aliichunguza katika nchi hii mwaka 1905, akawakuta papasi kwenye vituo vya njia za misafara. Moshi wa jiko usio na pa kutokea huharibu macho na mapafu ya mama na mtoto. Masika yakizidi kiasi, paa lililolowa huwa mzigo wa kutisha, na tembe iliyochakaa imeweza kuangukia watu waliolala. Hayo ni kweli na hayapunguzwi kwa sifa yoyote. Iko pia hoja ya miti, nayo ni nzito kuliko inavyosemwa, kwa sababu paa la udongo hudai boriti nyingi nene, na miti iliyotosha miji michache haiwezi kutosha mkoa ambao sensa ya 2022 iliukuta na watu zaidi ya milioni 2. Kwa hiyo simtetei anayetaka watu warudi kwenye tembe ya babu. Ninachokataa ni hatua inayofuata, ile ya kusema kwamba kwa kuwa ukuta ulificha papasi, basi mpangilio wote ulikuwa ujinga. Papasi huondolewa kwa sakafu ngumu, ukuta uliopigwa lipu na dirisha. Moshi huondolewa kwa dohani. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachodai ua ufutwe.

Pingamizi la pili ni kwamba nauremba utawala wa wazee wanaume. Barazani ni wao waliosema, na mama aliyekandika paa na kuanika mlenda juu yake hakuulizwa juu ya mpaka wa shamba. Hili nalikubali kwa sehemu kubwa. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, inayotaka wajumbe watatu kati ya saba wa baraza la ardhi la kijiji wawe wanawake, imefanya ambalo wazee hawakulifanya, na ni maendeleo ya kweli. Hata hivyo picha ya mwanamke asiye na sauti kabisa nayo si sahihi. Katika mji wa Mnyaturu kila mke alikuwa na nyumba yake na shamba lake, na wanawe walihesabu haki zao kupitia nyumba ya mama. Wanawake walikuwa na chama chao cha unyago na siri zake, ambacho mwanamume hakuthubutu kukidharau. Na mtu ambaye Singida humtaja kwanza inapokumbuka upinzani dhidi ya Wajerumani ni mwanamke, Liti, ambaye simulizi husema aliwatuma nyuki wawavamie askari wa mkoloni. Leo uwanja wa mpira wa mjini Singida una jina lake.

Jibu langu kwa wanaosema wakati umeshaamua ni kuwaomba watazame jinsi ulivyoamua. Novemba 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba kuishi vijijini ni amri, na kwamba hadi mwisho wa 1976 kazi iwe imekamilika. Nia ilikuwa njema na matunda yake yapo: shule, zahanati, kisima kinachofikika, watoto wa kike waliosoma. Lakini familia zilipopangwa kwa mistari kando ya barabara, ziliacha nyuma ardhi iliyolishwa samadi kwa vizazi, na ng'ombe hawakuweza kulala tena karibu na shamba. Mduara ulikatika. Kisha likaja bati, na katika miaka ya karibuni viongozi wa mkoa wamepiga kampeni kali ya kuondoa tembe. Bati lina heri yake, na kubwa kuliko zote ni maji: katika nchi yenye ukame, paa linaloweza kujaza tangi kwa mvua moja ni mali. Ila mchana wa Oktoba chumba cha bati lisilo na dari hakikaliki, usiku wa Julai hakina joto la kumpa mtu, na upepo ambao tembe iliupitisha juu yake ndio unaowafanya watu wapange mawe juu ya bati ili lisiruke. Mlenda nao umeshuka chini, kwenye turubai, katikati ya kuku. Na kwa kuwa bati hupigiliwa na fundi wa kulipwa, hakuna tena siku ya kuitana. Naamini upungufu huo ndio mkubwa kuliko yote, ingawa hauingii katika takwimu za makazi bora.

Njia nyingine ipo, na imejaribiwa katika nchi kavu kama yetu. Francis Kéré wa Burkina Faso alijenga shule ya kijiji chake, Gando, iliyokamilika mwaka 2001, kwa matofali ya udongo yaliyoimarishwa kwa saruji kidogo. Akaweka dari ya udongo, kisha akainua bati juu yake likiwa limetengana na dari, ili upepo upite katikati na kuondoa joto. Wanakijiji wenyewe ndio waliobeba mawe na kushindilia sakafu. Mwaka 2022 alipewa tuzo ya Pritzker, kubwa kuliko zote katika usanifu wa majengo, akiwa Mwafrika wa kwanza kuipata. Ukiitazama shule ile kwa jicho la Singida, utaona tembe iliyovaa kofia: udongo unashika ubaridi, bati linakinga mvua na kukusanya maji, nguzo nene za mbao hazihitajiki, na ile siku ya kuitana imerudi.

Kwa hiyo rai yangu ni kwa halmashauri za Singida, Ikungi, Iramba, Mkalama, Manyoni na Itigi, na kwa mafundi wanaohitimu katika vyuo vya ufundi vya mkoa. Kabla tembe nyingine haijabomolewa, mtu aende na futi kamba na daftari, apime unene wa paa lake, aandike ni mti gani uliowekwa wapi, na amwulize mwenye mji ng'ombe walilala upande gani na kwa nini. Ramani ya nyumba bora ya Singida ichorwe baada ya hapo, ikiwa na dohani, dirisha na tangi la maji, na ikiwa na ua wa kutosha watu kuketi. Wazee wanaojua kupanga panda na boriti bado wako hai, lakini wamezeeka, na udongo uliobomolewa huoshwa na masika mawili tu.