Kibarua na Ufundi

Watu wawili huajiriwa siku moja kwenye jengo mjini Nakuru, kwa ujira ulio sawa. Mmoja hubeba mawe, hupokea fedha zake jioni, akaenda zake. Wa pili pia hubeba mawe, lakini humtazama mwashi apimavyo kwa timazi, na huomba kushika mwiko.

Jengo likimalizika, wa kwanza huanza tena kutafuta kibarua. Wa pili, akiisha kujizoeza, aweza kufanya mtihani wa ufundi wa NITA, wenye madaraja 3: huanza la 3, akapanda mpaka la 1. Jengo huisha, cheti hakiishi. Hukubaliwa Kisumu na Mombasa pia.

Basi kila aanzaye kazi na ajiulize: kazi hii itakapokwisha, nitabaki na nini mkononi?