Kulia kwa mgonjwa, si kwa daktari: Kwa nini wahudumu wa afya hujifunza upya majina ya pande za mwili

Mwanafunzi wa uuguzi au udaktari anayeanza masomo mjini Jinja au Mbale, mashariki mwa Uganda, hukutana na msamiati mgeni kabla hajafundishwa kutibu ugonjwa hata mmoja. Msamiati huo hautaji viungo, bali pande. Humlazimu ajifunze upya kusema juu na chini, mbele na nyuma, kulia na kushoto, kana kwamba maneno hayo hakuyajua tangu utotoni.

Sababu yake ni nyepesi kueleza, ingawa si rahisi kuizoea. Katika mazungumzo ya kila siku, maneno ya pande hutegemea msemaji amesimama wapi na anatazama wapi. Hospitalini, ambako muuguzi wa zamu ya usiku hupokea wagonjwa kwa kusoma maandishi ya mwenzake wa mchana, utegemezi huo unaweza kumgharimu mgonjwa mguu, figo au uhai wake.

Mto wenye mkono wake wa kulia

Wakazi wa Jinja wanao mfano mzuri wa jambo hili mlangoni pao. Mto Nile hutoka Ziwa Victoria penye mji huo na kuelekea kaskazini hadi Ziwa Kyoga. Msafiri anayevuka daraja akitoka Kampala huwa na ziwa upande wake wa kulia. Akirudi jioni, ziwa lilelile huwa kushoto kwake. Ziwa halikuhama, aliyegeuka ni msafiri.

Ili kuepuka utata huo, wataalamu wa mito walikubaliana kwamba ukingo wa kulia ni ule ulio kulia kwa mtu anayetazama maji yanakoelekea. Kwa kanuni hiyo, mji wa Jinja uko ukingo wa kulia wa Nile na Njeru iko ukingo wa kushoto, hata msemaji awe amesimama wapi. Mto, kwa maneno mengine, umepewa kulia na kushoto kwake wenyewe.

Elimu ya maumbile ya mwili, yaani anatomia, hufuata njia iyo hiyo. Kulia ni kulia kwa mwenye mwili, si kwa anayemtazama. Daktari akimkabili mgonjwa uso kwa uso, mkono wa kulia wa mgonjwa huwa upande wa mkono wa kushoto wa daktari. Picha ya eksirei nayo husomwa kana kwamba mgonjwa amesimama akimtazama daktari. Kwa hiyo moyo, ambao sehemu yake kubwa huegemea kushoto mwa kifua, huonekana upande wa kulia wa anayeitazama picha. Ndiyo maana mpiga picha huweka alama ya herufi inayotambulisha upande, ili asiwepo wa kubahatisha.

Mkao mmoja kwa watu wote

Kulia na kushoto havitoshi. Mwili hulala, huinama na kujikunja, na maneno ya kawaida hubadilika pamoja nao. Mtu akilala chali, wengi wetu tutasema tumbo lake liko juu na mgongo uko chini. Akigeuka kifudifudi, mgongo ndio utakuwa juu.

Kwa ajili hiyo wanaanatomia huuelezea kila mwili kana kwamba umesimama katika mkao mmoja: wima, uso ukitazama mbele, miguu ikiwa pamoja, mikono ikining'inia ubavuni na viganja vikielekea mbele. Mgonjwa anaweza kuwa amelala kitandani, amebebwa kwenye machela au amejikunja kwa maumivu, lakini maelezo yake huandikwa kwa kufuata mkao huo.

Suala la viganja huwasumbua wanafunzi wengi mwanzoni. Mtu akisimama kwa kawaida, kidole gumba huelekea mbele au ndani. Viganja vikigeuzwa mbele, kidole gumba huwa upande wa nje, mbali na kiwiliwili, na kidole cha mwisho huwa upande wa ndani. Hapo ndipo mifupa miwili ya kigasha hupata nafasi zake zisizobadilika: mmoja wa nje, upande wa kidole gumba, na mwingine wa ndani.

Jozi tano za maneno

Baada ya mkao kukubaliwa, maneno hufundishwa kwa jozi. Jozi ya kwanza ni juu na chini, ambayo vitabu vyenye asili ya Kilatini huiita superia na inferia. Juu ni kuelekea kichwani na chini ni kuelekea nyayoni, hata kama mgonjwa amelala. Jozi ya pili ni mbele na nyuma, yaani anteria na posteria. Mfupa wa kidari uko mbele ya moyo, nao uti wa mgongo uko nyuma yake.

Jozi ya tatu hutumia mstari wa kufikirika unaoupasua mwili katikati, kutoka utosini hadi kati ya miguu. Kilicho karibu na mstari huo huitwa cha kati, au mediali. Kilicho mbali nao huitwa cha pembeni, au laterali. Pua ni ya kati ikilinganishwa na macho, na masikio ni ya pembeni kuliko macho.

Jozi ya nne hutumika zaidi kwa mikono na miguu: karibu na shina la kiungo, au proksimali, na mbali na shina hilo, au distali. Hapa pia Mto Nile unafaa kuwa mwalimu. Bwawa la Nalubaale, lililoitwa Owen Falls lilipozinduliwa mwaka 1954, liko karibu na chanzo cha mto kuliko Bujagali. Bujagali nalo liko karibu kuliko Isimba. Kwa hiyo Bujagali ni la mbali ukianzia Nalubaale, na la karibu ukianzia Isimba. Vivyo hivyo, kiwiko ni cha mbali kikilinganishwa na bega, lakini ni cha karibu kikilinganishwa na kifundo cha mkono. Maneno haya hayana maana yakisimama peke yake. Daima hulinganisha vitu viwili.

Jozi ya tano ni ya kina: kilicho juujuu, karibu na ngozi, na kilicho ndani zaidi. Ngozi iko juujuu ya msuli, na mfupa uko ndani zaidi ya msuli huo.

Mguu ni upi hasa?

Umuhimu wa jozi ya nne huonekana wazi mtu anapojieleza kwa Kiswahili. Neno mguu laweza kuchukua kiungo chote, kuanzia nyonga hadi vidoleni. Mkono vilevile huanzia begani hadi kwenye kucha. Mama akisema mtoto wake anaumwa mguu, muuguzi bado hajui aanzie wapi.

Huo si upungufu wa Kiswahili. Lugha hii ina paja, goti, muundi, kifundo, kisigino na wayo. Ina bega, kiwiko, kigasha, kiganja na kidole. Anayetumia maneno hayo, kisha akaongeza mbele au nyuma, ndani au nje, huwa amesema karibu yote ambayo daktari huyasema kwa Kilatini. Mashariki mwa Uganda, ambako mgonjwa anaweza kuzungumza Lusoga, Lugisu au Ateso na muuguzi akatoka sehemu nyingine ya nchi, Kiswahili mara nyingine huwa daraja baina yao. Daraja hilo huwa imara zaidi maneno yakiwa mahususi.

Sindano na robo ya tako

Gharama ya kukosea upande imeonekana kwa watoto wa eneo hilihili. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 kuhusu watoto wa wilaya ya Kumi, kaskazini ya Mbale, ulieleza madhara mawili yanayohusishwa na sindano za takoni: msuli kukakamaa kwa kovu hata mtoto akashindwa kukunja nyonga ipasavyo, na mguu kupooza kwa sababu ya neva kudhurika.

Neva inayohusika ndiyo kubwa kuliko zote mwilini, nayo huitwa siatiki. Hupita ndani ya tako na kushuka nyuma ya paja. Wanafunzi hufundishwa kuligawa tako katika robo nne kwa mistari miwili, mmoja wa kusimama na mmoja wa kulala. Robo ya juu na ya pembeni ndiyo iliyo mbali zaidi na njia ya neva hiyo. Sindano ikichomwa chini au karibu na kati, dawa au ncha ya sindano inaweza kuifikia. Kwa mtoto mdogo, ambaye tako lake lina msuli mchache, hatari huwa kubwa zaidi.

Kwa hiyo sindano nyingi za watoto sasa huchomwa pajani, upande wa mbele na wa nje. Katika ratiba ya chanjo ya Uganda, chanjo ya kifua kikuu hutolewa mkono wa kulia, sehemu ya juu. Chanjo ya pamoja inayokinga dondakoo, kifaduro na pepopunda huchomwa paja la kushoto, upande wa nje, na ile ya nimonia huchomwa paja la kulia. Mpangilio huo una faida nyingine: paja moja likivimba, mhudumu hujua ni chanjo ipi iliyochomwa hapo.

Milimita chache ubongoni

Mjini Mbale, lugha ya pande hutumika mahali ambapo nafasi ya kukosea ni finyu mno. Hospitali ya watoto ya CURE hupokea watoto wenye vichwa vikubwa, yaani wale ambao maji hujikusanya katika vyumba vya ndani vya ubongo, na wale waliozaliwa na mgongo wazi. Tiba ya zamani ya kichwa kikubwa ni kuweka mrija unaoyatoa maji ubongoni na kuyapeleka tumboni. Mrija huo nao una ncha ya karibu na ncha ya mbali, na daktari anayeupima ulioziba hutaka kujua ni ncha ipi iliyoziba.

Daktari Mmarekani Benjamin Warf, aliyefanya kazi katika hospitali hiyo, alichapisha mwaka 2005 matokeo ya upasuaji wa njia nyingine kwa mamia ya watoto wa Afrika. Kwa kutumia kamera nyembamba, daktari hutoboa sakafu ya chumba cha tatu cha ubongo ili maji yapate njia ya kutokea, kisha huchoma tishu zinazoyatengeneza. Tundu hilo hutobolewa mbele ya vijivimbe viwili vidogo vilivyo kwenye sakafu hiyo. Akirudi nyuma kupita kiasi, daktari hukaribia mshipa mkubwa wa damu ambao ukijeruhiwa mtoto anaweza kufa. Mwaka 2017, matokeo ya utafiti uliohusisha watoto wachanga 100 mjini Mbale yalionyesha kuwa, baada ya mwaka mmoja, ukuaji wa akili haukutofautiana sana kati ya waliotibiwa kwa njia hiyo na waliowekewa mrija.

Mgonjwa naye ana sehemu yake

Kukosea upande hakuwasumbui wanafunzi peke yao. Mwaka 2008, Shirika la Afya Duniani, WHO, lilizindua orodha ya mambo ya kuhakikiwa katika kila upasuaji. Miongoni mwa maswali yake ya kwanza, yanayoulizwa mgonjwa angali macho, ni jina lake, upasuaji atakaofanyiwa na mahali utakapofanyika. Inapofaa, mahali hapo hutiwa alama kwenye ngozi kabla ya mgonjwa kulazwa usingizi.

Mgonjwa au mzazi anaweza kusaidia bila kujua neno hata moja la Kilatini. Anyooshe kidole mahali panapouma badala ya kutaja upande tu. Aseme mkono wangu wa kulia, asiseme upande ule. Ataje kama maumivu yako mbele au nyuma, karibu na kitovu au ubavuni, juujuu au ndani, na kama yameanzia sehemu moja yakahamia nyingine. Maumivu yanayoanzia kitovuni kisha yakatulia chini ya tumbo upande wa kulia, kwa mfano, humfanya daktari afikirie haraka kidole tumbo, na haraka hiyo inaweza kuokoa maisha.

Akiulizwa swali lilelile na wahudumu watatu tofauti, mgonjwa asidhani kwamba hawasikilizani. Kila mmoja anahakikisha kwamba kulia kilichoandikwa kwenye faili ndicho kulia cha mtu aliyelala mbele yake.