Upole na Utambuzi wa Dalili za Ushari

Wengi hudhani kwamba mtu mpole ni yule asiyeona ubaya: akitukanwa hasikii, akitishwa hatambui. Dhana hii ikishika mizizi kwa mchungaji, waumiao ni kondoo wake. Yatupasa basi kuuliza kama upole kweli hupunguza uwezo wa kutambua dalili za ushari.

Wanasaikolojia Brian Meier, Michael Robinson na Benjamin Wilkowski walilichunguza jambo hili nchini Marekani, wakachapisha matokeo yao mwaka 2006. Watu walikutanishwa na maneno yahusuyo ushari. Kwa wale wenye upole haba, maneno hayo yalichochea matendo ya ukali. Kwa wapole hayakufanya hivyo. Sababu yake ndiyo yenye kutufundisha: maneno yale yale ya ushari yaliamsha ndani ya wapole mawazo ya kusaidia. Dalili iliwafikia, lakini iliita jibu jingine.

Abigaili ni kielelezo chema cha jambo hili (1 Sam. 25). Aliposikia kwa mtumishi jinsi Nabali alivyowatukana watu wa Daudi, alitambua mara moja kwamba damu itamwagika. Alitwaa mikate 200, divai, kondoo watano na vyakula vingine, akashuka kumlaki Daudi aliyekuwa akija na watu wapatao 400 wenye panga. Nabali, mtu mkali, alikuwa karamuni akilewa, wala hakujua hatari iliyomkaribia. Nyumba iliokolewa na yule aliyeona mapema.

Luther naye, katika Katekisimo Kubwa ya mwaka 1529, afundisha kwamba amri ya tano huvunjwa pia na yule awezaye kumkinga jirani na madhara asifanye hivyo. Wala hakuna awezaye kukinga dhidi ya asichokitambua.

Katika usharika, mke ajaye ofisini akiwa ameuficha mkono wenye jeraha ndani ya kanga, huku mumewe akimjibia kila swali, analeta dalili. Mchungaji amwambiaye avumilie, kabla ya kumsikiliza peke yake, amemrudisha hatarini. Mpole aonaye humtafutia kwanza usalama, ndipo azungumze habari za upatanisho.

Wanafunzi wetu wa theolojia na wazoezwe basi kuutambua ukali ungali mchanga, na kila wautambuapo, wausikie kama mwito wa kusaidia.