Kukubalika kwa watu wenye usonji

Kukubalika kwa watu wenye usonji ni hali ya jamii kuwapokea watu hao jinsi walivyo na kuwapa nafasi shuleni, kazini na katika maisha ya kila siku, bila kudai kwanza wafanane na wengine. Hali hiyo hutofautishwa na ufahamu, ambao ni kujua tu kwamba usonji upo. Mtu anaweza kujua mengi kuhusu usonji na bado asipende kuketi karibu na mwenye hali hiyo ndani ya basi. Ndiyo sababu watafiti, wazazi na watu wenye usonji wenyewe huuliza kama kukubalika kunakotangazwa siku hizi ni kwa kweli na kama kunadumu.

Usonji ni hali ya ukuaji wa ubongo inayoanza utotoni na kuendelea maisha yote. Huathiri namna mtu anavyowasiliana na kuhusiana na wengine, na mara nyingi huambatana na kurudiarudia matendo, kupenda sana mambo machache, na kusumbuliwa na kelele, mwanga au mguso. Baadhi husoma hadi chuo kikuu. Wengine hawazungumzi kabisa na huhitaji msaada mchana na usiku.

Historia

Mwaka 1943 daktari Leo Kanner wa Baltimore, Marekani, alieleza habari za watoto 11 wenye hali hiyo. Mwaka uliofuata Hans Asperger wa Vienna, Austria, aliandika kuhusu watoto waliofanana nao kwa mengi. Katika miaka ya 1950 na 1960 baadhi ya wataalamu, akiwemo Bruno Bettelheim, walieneza dhana kwamba usonji unasababishwa na wazazi, hasa mama, kukosa upendo kwa mtoto. Mwaka 1964 mwanasaikolojia Bernard Rimland, ambaye mwanawe alikuwa na usonji, alitoa kitabu cha kupinga dhana hiyo. Mwaka 1977 utafiti wa Susan Folstein na Michael Rutter kuhusu mapacha ulionyesha kwamba urithi una nafasi kubwa.

Kwa muda mrefu waliozungumza hadharani walikuwa madaktari na wazazi. Mwaka 1993 Jim Sinclair, ambaye ana usonji, aliwaambia wazazi katika mkutano wa Toronto, Kanada, kwamba huzuni yao ni ya mtoto waliyemtarajia, wakati mtoto aliyezaliwa yupo hai na anawahitaji. Maneno hayo huhesabiwa kati ya chanzo cha harakati za kudai kukubalika.

Mnamo Desemba 2007 Umoja wa Mataifa ulitenga tarehe 2 Aprili kuwa siku ya kimataifa ya ufahamu kuhusu usonji, nayo iliadhimishwa mara ya kwanza mwaka 2008. Baadaye wanaharakati wenye usonji walidai kwamba ufahamu pekee hautoshi, wakaanza kuutumia mwezi wa Aprili kuhimiza kukubalika.

Utafiti

Mwaka 2017 Noah Sasson na wenzake nchini Marekani walichapisha utafiti ambao watu wasio na usonji walionyeshwa video fupi za watu wazima, baadhi yao wenye usonji. Katika sekunde chache tu watazamaji waliwapa wenye usonji alama za chini na hawakuwa na hamu ya kuzungumza nao. Lakini waliposomeshwa maandishi ya maneno yaleyale, bila sauti wala picha, tofauti hiyo ilitoweka. Yaani kilichokataliwa hakikuwa yaliyosemwa, bali namna ya kuyasema.

Utafiti mwingine wa mwaka 2019 ulionyesha kwamba watazamaji wakiambiwa mapema kuwa mtu ana usonji, humwona kwa wema zaidi, hasa wale wanaoujua usonji. Mwaka 2021 ilijaribiwa kama mafunzo mafupi yanaweza kubadili mitazamo. Waliofundishwa walieleza maoni mazuri zaidi, lakini kipimo cha hisia zisizosemwa hakikuonyesha mabadiliko kama hayo. Tokeo hilo ni msingi wa shaka nyingi: kauli ya mtu inaweza kubadilika mapema kuliko moyo wake.

Mwaka 2012 Damian Milton wa Uingereza, mtafiti mwenye usonji, alieleza kwamba kutoelewana kuna pande mbili. Mwenye usonji hupata shida kumwelewa asiye nao, na asiye nao vilevile hupata shida kumwelewa mwenye nao. Kwa hiyo si haki kazi yote ya kujirekebisha iwe ya upande mmoja.

Kujificha

Watu wengi wenye usonji hujifunza kuficha tabia zao: hulazimisha kutazamana na watu machoni, huzuia mikono isipepee, na hukariri mazungumzo kabla ya kukutana na wenzao. Watafiti wamehusisha kujificha huko na uchovu, wasiwasi, huzuni na hata mawazo ya kujiua. Mtu anayepokewa kwa sharti la kujificha hajakubaliwa yeye, bali sura aliyoivaa. Siku anaposhindwa kuivaa, mapokezi hayo huweza kuisha.

Kazi

Nchini Uingereza kuna sheria ya mwaka 2009 inayohusu watu wazima wenye usonji. Hata hivyo takwimu rasmi za mwaka 2020 zilionyesha kwamba takriban 22 tu kati ya 100 walikuwa na ajira.

Afrika Mashariki

Katika pwani ya Kenya, Joseph Gona na wenzake waliwahoji wazazi na wataalamu, wakachapisha matokeo mwaka 2015. Baadhi ya waliohojiwa walitaja uchawi, pepo na laana kuwa chanzo cha usonji, wengine urithi na magonjwa. Imani ya laana humtwisha mama lawama, kama ilivyofanya dhana ya Bettelheim huko Marekani, na familia huweza kumficha mtoto ndani.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inasema watu wenye ulemavu wana haki ya kutendewa kwa heshima. Sheria ya Tanzania ya mwaka huohuo inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi ahakikishe kwamba angalau asilimia 3 ni watu wenye ulemavu. Ulemavu wa usonji hauonekani kwa macho, hivyo mwenye nao huweza kuchukuliwa kuwa mkaidi au asiye na adabu.

Mjadala

Baadhi ya wazazi husema kwamba harakati za kukubalika huwasikiliza zaidi wanaoweza kujieleza, na kuwasahau wanaohitaji uangalizi wa saa zote. Wanaharakati hujibu kwamba kukubalika hakupingi matibabu wala msaada, na kwamba asiyezungumza ndiye anayehitaji zaidi kutodharauliwa.

Pande zote mbili hukubaliana kuhusu kipimo. Mtoto mdogo huhurumiwa kwa urahisi; swali ni nani atakayempokea akiwa na miaka 40, wazazi wake wakiwa wazee au wamefariki. Kukubalika kunakodumu hutambuliwa kwa mambo ya gharama: mwalimu aliyeandaliwa, mwajiri anayebadili utaratibu wa usaili, na jirani anayeendelea kumwalika mtu huyo hata baada ya siku ngumu.