Mkojo unavyosaidia kukadiria mionzi iliyoingia mwilini

Ikitokea ajali ya mionzi, swali la kwanza la mzazi ni hili: mwanangu amepata kiasi gani? Mionzi haionekani wala haina harufu. Hata hivyo, kuna nyakati mkojo huweza kutoa jibu.

Septemba 1987, mjini Goiânia, Brazil, waokota vyuma chakavu walichukua sehemu ya mashine ya kutibu saratani iliyoachwa kwenye kliniki iliyohama. Ndani yake mlikuwa na seziamu-137, unga uliong'aa buluu gizani. Watu waliushika, wakajipaka, wakagawiana. Mtoto wa miaka 6 alikula kwa mikono yenye unga huo. Kati ya watu takriban 112,000 waliopimwa, 249 walikutwa na unga huo mwilini au kwenye nguo. Wanne walifariki, akiwamo mtoto huyo.

Madaktari walipima mkojo na choo cha wagonjwa. Seziamu ikimezwa huingia kwenye damu, husambaa kwenye misuli, kisha figo huitoa kidogo kidogo. Wataalamu wakijua kiasi kilichomo kwenye mkojo wa saa 24, siku ilipoingia na umri wa mgonjwa, hukadiria kiasi kilichoingia. Umri una maana kwa sababu mwili wa mtoto huitoa haraka kuliko wa mtu mzima.

Watu 46 walipewa buluu ya Prusia, dawa inayonasa seziamu kwenye utumbo ili itoke kwa choo. Vipimo vilivyoendelea viliwaonyesha madaktari kama dawa inafanya kazi.

Lakini kipimo hiki hakionyeshi mionzi iliyopita mwilini kutoka nje. Kwa hiyo mtoto aliyepigwa eksirei hakihitaji. Eksirei haibaki mwilini.

Ukiombwa mkojo wakati wa dharura, badili nguo na nawa mikono kwanza. Vumbi la mkononi likidondokea kwenye chombo, majibu yatapotosha. Usikimbilie vidonge vya ayodini: hulinda tezi ya shingo dhidi ya ayodini yenye mionzi, si seziamu.

Na ukikuta chuma chenye alama ya mapanga matatu yanayozunguka nukta, usikiguse wala usikiuze. Waondoe watoto, kisha toa taarifa polisi au Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania.