Mashine ya Kupimia Presha Nyumbani

Kaka yangu ni mkulima. Asubuhi moja alikuwa anapalilia mahindi. Jembe likamponyoka mkononi. Akainama akaliokota, likamponyoka tena. Alipotaka kumwita mke wake, maneno hayakutoka sawasawa, na mdomo ulikuwa umepinda upande. Watu wengine walisema amerogwa. Ulikuwa ugonjwa wa kiharusi, nao ulitokana na presha.

Jambo linaloniuma ni hili. Kaka alijua kwamba ana presha. Miaka miwili kabla ya siku ile alipimwa kwenye zahanati akapewa vidonge. Alivimeza kwa muda wa mwezi mmoja. Alipoona haumwi kichwa, anakula vizuri na analima kama kawaida, akasema, "Nimepona." Akaviacha. Zahanati iko mbali, na yeye hakujisikia mgonjwa. Kwa hiyo hakupimwa tena.

Ndugu msomaji, watu wengi hufikiri kwamba presha ikipanda mtu ataumwa kichwa, au moyo utamwenda mbio. Si hivyo. Presha inaweza kuwa juu miaka mingi bila mtu kusikia lolote. Huku nyuma inaharibu mishipa ya damu, moyo, figo, macho na ubongo. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba mtu mzima 1 kati ya 3 duniani ana presha ya juu, na karibu nusu ya watu hao hawajui kwamba wanayo. Wala huu si ugonjwa wa matajiri wa mijini tu. Watafiti walihesabu vifo katika sehemu za Dar es Salaam, Hai na Morogoro Vijijini kati ya mwaka 1992 na 1995. Waliona kwamba watu wa umri wa kufanya kazi walikufa kwa kiharusi mara kadhaa zaidi kuliko wenzao wa Uingereza. Sababu kubwa waliyoifikiria ni presha isiyotibiwa.

Mwaka 1973, wakati wa kampeni ya Mtu ni Afya, wazee wetu walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio na kujifunza kuchimba vyoo na kujikinga na malaria. Mbu unamwona. Choo kibovu unakiona. Presha huioni, ila kwa mashine. Siku hizi mashine hiyo si ya hospitali peke yake. Zinauzwa mashine ndogo ambazo mtu anayejua kusoma namba anaweza kuzitumia nyumbani kwake. Wewe unajua kusoma namba.

Namba mbili

Moyo ni pampu. Ukubwa wake ni kama wa ngumi yako. Unapojikamua, damu husukumwa kwa nguvu ndani ya mishipa. Nguvu hiyo ndiyo namba ya kwanza, yaani namba ya juu. Kisha moyo hulegea ili ujae damu tena. Wakati huo nguvu ndani ya mishipa hupungua, lakini haiishi. Hiyo ndiyo namba ya pili, yaani namba ya chini. Ukiambiwa presha yako ni 120 kwa 80, maana yake ni hiyo.

Mashine hupimaje nguvu iliyo ndani ya mwili bila kukukata? Mwaka 1896 daktari wa Italia, Scipione Riva-Rocci, alitengeneza mpira wa kufunga mkononi. Mpira hujazwa upepo, kama tairi la baiskeli, mpaka unabana mshipa na damu haipiti. Kisha upepo hutolewa polepole. Damu inapoanza kupenya, mshipa hugonga. Mwaka 1905 daktari wa Urusi, Nikolai Korotkoff, alionyesha kwamba milio hiyo inaweza kusikiwa kwa kile chombo cha kusikilizia moyo, na hivyo kupata namba zote mbili. Mashine za betri za leo hazisikilizi milio. Huhisi mtetemeko wa mshipa katika upepo ulio ndani ya mkanda, halafu hukokotoa namba zenyewe.

Kuchagua mashine

Ziko mashine za kufunga juu ya kiwiko, za kufunga kwenye kifundo cha mkono kama saa, na hata za kuchomeka kidole. Nunua ya kufunga juu ya kiwiko, inayojijaza upepo yenyewe. Ile ya kidole iache kabisa. Ile ya kifundo cha mkono hukosea upesi mkono usipowekwa sawa na moyo. Mimi mwenyewe niliwahi kununua moja mnadani kwa sababu ilikuwa ndogo na bei yake ilinipendeza. Asubuhi hiyo hiyo iliniambia 98, kisha 171. Watoto wakaichezea mpaka ikaharibika, nami sikuwagombeza.

Mashine ya kujaza upepo kwa kuminya mpira kwa mkono ni nzuri, lakini inataka mtu aliyefundishwa kusikiliza. Nyumbani itakusumbua.

Sasa nakuomba ukae na jambo moja, maana wauzaji wengi hawalisemi. Ni mkanda. Mkanda ukiwa mdogo kwa mkono wako, mashine itasema presha iko juu kuliko ilivyo. Ukiwa mkubwa mno, itasema iko chini. Basi kabla ya kwenda dukani, chukua futi ya fundi cherehani uzungushe mkono katikati ya bega na kiwiko. Soma sentimita. Mikanda mingi ya kawaida ni ya mkono wa sentimita 22 mpaka 32. Mkono wa mama mnene au wa kijana mbeba magunia unaweza kuzidi hapo, na mkanda mkubwa hutakiwa. Namba hizo huandikwa kwenye mkanda wenyewe au kwenye boksi. Zisome. Usikubali kuambiwa, "Mkanda huu unamfaa kila mtu," kama namba zinasema vingine.

Jambo la pili la kuuliza ni kama aina hiyo ya mashine imethibitishwa. Maana yake ni kwamba wataalamu waliipima kwa watu wengi na kulinganisha majibu yake na ya wapimaji wazoefu. Ziko orodha za mashine zilizothibitishwa, kama ile ya STRIDE BP inayopatikana katika intaneti. Mwandikie mtoto wako aliye mjini jina na namba ya mashine akuangalizie, au muulize mganga wa zahanati. Nunua katika duka la dawa linalojulikana, udai risiti. Kwa mama mjamzito, uliza mashine iliyothibitishwa kwa wajawazito, kwa sababu si zote zinazofaa.

Mengine ni madogo. Namba za kioo ziwe kubwa. Betri ziwe za aina inayopatikana dukani kijijini. Mashine yenye Bluetooth ya kuunganisha na simu haipimi vizuri zaidi kwa ajili hiyo, ila bei hupanda.

Kama fedha hazitoshi, si lazima kila nyumba iwe na yake. Kikundi cha kuweka akiba au darasa la kisomo linaweza kununua moja, pamoja na mkanda wa kawaida na mkanda mkubwa. Mtu mmoja aitunze na kila nyumba ipewe wiki yake.

Kupima

Usipime ukiwa umetoka kisimani na ndoo kichwani. Nusu saa kabla ya kupima usifanye kazi nzito, usivute sigara, usinywe kahawa wala chai. Nenda haja ndogo kwanza. Kibofu kilichojaa hupandisha presha. Kisha kaa juu ya kiti chenye mahali pa kuegemea. Stuli na mkeka havifai. Nyayo zote mbili ziguse chini na miguu isipishane. Tulia dakika 5.

Mkono uwe wazi, bila nguo chini ya mkanda. Shati la mikono mirefu usilikunje mpaka likabana. Livue upande mmoja. Funga mkanda juu ya kiwiko, ukiacha nafasi ya vidole viwili. Mpira wake uelekee kiganjani. Weka mkono juu ya meza, mkanda uwe sawa na moyo. Kama meza ni fupi, tia kitenge kilichokunjwa chini ya mkono. Mkono ukining'inia, namba hupanda. Ukiinuliwa juu sana, hushuka. Hili si jambo dogo. Linaweza kumfanya mzima aonekane mgonjwa.

Bonyeza kitufe. Mkanda utakaza sana kidogo, usiogope. Usizungumze mpaka umalize, hata kama mgeni anabisha hodi. Mwenzako amkaribishe.

Kwenye kioo utaona herufi SYS. Hapo ndipo ilipo namba ya juu. Kwenye DIA ndipo ilipo namba ya chini. PUL ni mapigo ya moyo kwa dakika. Ukiona E au Err, mashine imeshindwa. Funga mkanda upya, utulie, uanze tena. Kama mashine mara nyingi inaonyesha alama ya moyo unaopiga bila mpango, mwambie mganga.

Siku ya kwanza pima mikono yote miwili. Mkono wenye namba kubwa ndio utakaotumia daima.

Daftari

Presha hubadilika kila saa. Hupanda ukigombana, hushuka ukilala. Kwa wengine hupanda wanapomwona daktari tu, na kwa wengine ni nzuri zahanati lakini mbaya nyumbani. Kwa hiyo namba moja haikuambii mengi. Pima kwa siku 7. Asubuhi, kabla ya chai na kabla ya dawa, pima mara mbili ukiacha dakika moja katikati. Jioni fanya vivyo hivyo. Andika tarehe, saa, na namba zote. Usiiache namba kwa sababu hukuipenda.

Mwisho wa wiki utakuwa na vipimo 28. Futa vile 4 vya siku ya kwanza, kwa sababu siku hiyo watu wengi huwa na wasiwasi. Vinabaki 24. Sasa tumia hesabu uliyojifunza. Jumlisha namba zote za juu. Tuseme umepata 3,480. Gawanya kwa 24, unapata 145. Jumlisha za chini. Tuseme umepata 2,112. Gawanya kwa 24, unapata 88. Wastani wako ni 145 kwa 88.

Je, ni juu? Kwa vipimo vya nyumbani, wastani wa 135 au zaidi kwa namba ya juu, au 85 au zaidi kwa namba ya chini, ni presha ya juu. Zahanati hutumia 140 na 90, kwa sababu huko namba za watu wengi hupanda kidogo. Basi 145 kwa 88 ni ya kumpelekea mganga. Chukua daftari uende nalo. Usimeze vidonge vya jirani, na usiongeze wala kuacha vidonge vyako kwa sababu ya namba ulizoziona. Kama tayari unatumia dawa na namba ni nzuri, huenda ni dawa inayofanya kazi.

Ukishamaliza wiki, pumzika. Mtu anayejipima kila saa hujitia hofu, na hofu hupandisha namba. Mganga atakuambia lini upime tena.

Lakini ziko namba zisizongoja wiki. Ukiona 180 au zaidi juu, au 120 au zaidi chini, kaa dakika 5 upime tena. Zikiwa bado hivyo, nenda kwa mganga siku hiyo hiyo. Kama pamoja nazo kuna maumivu ya kifua, kukosa pumzi, macho kutoona vizuri au kichwa kuuma vibaya, nenda hospitali saa hiyo hiyo, hata usiku. Mama mjamzito akiona 140 kwa 90, aende kliniki siku hiyo. Inaweza kuwa dalili ya kuelekea kifafa cha mimba. Na mtu ambaye mdomo umepinda, mkono umelegea au maneno yanakwama, usikae kumpima. Hata mashine ikionyesha namba nzuri, apelekwe hospitali upesi.

Mashine iweke mahali pakavu, mbali na jiko na watoto. Usiikunje mipira yake kwa nguvu. Kama haitatumika muda mrefu, toa betri. Mara moja kwa mwaka ipeleke kwenye zahanati, ulinganishe namba zake na za mashine ya huko.

Kaka yangu sasa anatembea kwa fimbo. Hupima mkono wa kushoto, ule ambao haukupooza. Akimaliza kupima hufungua mkanda kwa meno, kisha huandika namba kwa mkono huo huo wa kushoto. Ilimchukua miezi kadhaa kuifanya 8 yake isomeke.